Koti la Bega Lililoshuka

Asubuhi ile Sindano alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mlango, koti la bluu limemlalia mapajani, anatoa nyuzi. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa kila likizo kwa shangazi yake, fundi cherehani. Kila nguo inayotoka kwenye mashine anaipitia ndani na nje. Uzi unaoning'inia anaukata, bandi, ule mshono wa muda, anaitoa, chaki anaipangusa, halafu pasi, halafu kukunja. Shangazi alikuwa na usemi wake: nguo yenye nyuzi ni sawa na bwana harusi mwenye makamasi, hata avae suti ya namna gani watu wataangalia pua.

Sindano si jina alilopewa na wazazi wake. Shangazi ndiye aliyemwita hivyo, kwa kuwa alikuwa mwembamba na alipita popote bila kusikika. Shuleni walimwita Bubu, na bubu hakuwa. Maneno alikuwa nayo tele, ila yakifika kooni yalisimama kama wageni mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia wewe.

Makoti yale yalikuwa ya wafagiaji wa mahakama. Yote rangi moja, kitambaa kimoja, vifungo vya namna moja, na ukubwa mmoja pia, maana koti la kazi huvaliwa juu ya nguo na halimchagui mtu. Shangazi aliyamaliza jana yake, na leo alikuwa ametoka na rafiki yake msusi, wa mlango wa pili, kwenda kutafuta zipu za mteja mwingine. Kabla hajatoka alisema, "Yasafishe, uyakunje, uyaweke pale mezani. Usimpe mtu mpaka nirudi."

Sindano akaitikia kwa kichwa.

Ndani ya kola ya koti moja alikuta vishono vichache vya uzi mwekundu. Bluu na nyekundu wapi na wapi. Akadhani shangazi kapiga bandi akasahau kuitoa, uzee unaanza kumnyemelea. Akachukua wembe, akavikata, akavivuta kimoja kimoja, akapuliza. Kola ikatakata kama haijawahi kuguswa. Akalikunja koti, akaliweka katikati ya mengine, na kwa muda mfupi akajiona fundi kweli.

Hakukaa sana, akasikia sauti kabla ya kumwona mwenyewe.

"Hodi humu. Fundi yupo, au amenikimbia?"

Alikuwa msimamizi wa wafagiaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza samaki, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa mambo mawili: kucheka, na kuolewa na askari wa pale pale mahakamani. Sindano alisimama na kutikisa kichwa.

"Hayupo? Na wewe ulimi wako uko wapi, ulishonewa kwenye nguo ya mtu?"

"Amekwenda zipu," Sindano akasema.

"Amekwenda zipu. Haya, asante kwa hotuba." Akaliona bunda mezani. "Ndiyo haya? Fundi amemaliza siku aliyosema? Basi dunia inakwisha. Ngoja niyachukue kabla hajabadili mawazo, maana mafundi nawajua. Ukichelewa, unakuta nguo yako imekwenda harusini bila wewe."

Sindano alitaka kusema shangazi amekataza. Neno likapanda, likafika kooni, likasimama. Msimamizi tayari alikuwa amechomoa koti moja la katikati, amelivaa, anajigeuza mbele ya kioo mkono kiunoni.

"Hili limenikaa kama nilizaliwa nalo. Sivui tena."

Akabeba mengine kwapani, akaondoka na koti lake mwilini huku akimsalimia kila aliyekuwa kwenye kibaraza. Sindano alibaki amesimama na wembe mkononi. Aliona amevunja agizo, lakini aliona ni kosa dogo. Makoti ya mtu yamechukuliwa na mwenyewe, kuna ubaya gani.

Shangazi na msusi walirudi wanacheka. Msusi alikuwa akisimulia habari ya mteja aliyelala akisukwa mpaka akaanza kukoroma, na shangazi alikuwa anajifuta machozi kwa utepe wa kupimia uliokuwa shingoni. Kisha macho yake yakaangukia meza tupu.

"Makoti?"

"Msimamizi ameyachukua."

"Ameyachukua yote?"

"Yote. Moja ameondoka amelivaa."

Shangazi aliweka mfuko wa zipu chini polepole. "Sindano, mama. Lile lenye uzi mwekundu kwenye kola, lilikuwa wapi? Alilichukua tofauti, au?"

"Uzi niliutoa," Sindano akasema. "Nilidhani ni bandi."

Hakuna aliyempigia kelele. Afadhali wangempigia. Shangazi alikaa kwenye kiti cha mashine, na msusi, ambaye maisha yake yote aliishi mlango wazi na redio juu, akaenda akafunga mlango. Mchana kweupe chumba kikawa giza.

"Mwambie," msusi akasema.

"Huyu ni mtoto."

"Mtoto ndiye aliyeutoa uzi. Kama angejua ni wa nini, asingeutoa. Mwambie."

Shangazi alimvuta Sindano akamkalisha kwenye kigoda, akasema kwa sauti ambayo Sindano hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya chini, kavu.

"Kuna mama anafagia pale mahakamani, wanamwita Mama Pacha. Siku aliyojifungua wale pacha, damu ilimtoka mpaka wakamfunika shuka usoni. Daktari alipomrudisha akamwambia, mama, ukibeba tena sina uhakika wa kukurudisha. Sasa amebeba."

"Si aende kwa huyo daktari?"

"Alikwenda. Daktari yule yule akamwambia sheria haimruhusu kumsaidia mpaka awe tayari anakufa."

Sindano alilisikiliza jambo hilo mara mbili kichwani, akitafuta mahali alipokosea kuelewa. Hakupaona.

"Mumewe anasema mtoto ni baraka, na hayo ya daktari ni uoga wa wanawake," shangazi akaendelea. "Anampeleka kazini, anamfuata kazini. Simu yake anaisoma kila jioni kama gazeti. Mdogo wake huyo mama amepigwa marufuku kukanyaga nyumbani pale. Ndiye aliyekuja kusukwa kwa mwenzangu huyu, akalia mpaka nywele zikashindikana."

"Mtu akiwa amekuachia kichwa chake mikononi," msusi akasema, "husema. Mimi kazi yangu ni kusikia. Kuna anayeleta dawa, kuna anayepeleka, kuna nesi anayemwelekeza mtu kwa simu na kukaa naye mpaka amalize, kuna mwenye chumba cha kupumzikia. Kila mmoja anamjua wa mbele yake na wa nyuma yake, basi."

"Kwa hiyo dawa ziko kwenye koti," Sindano akasema.

"Kwenye pindo, nyuma, upande wa kulia. Uzi mwekundu ulikuwa wa kumwonyesha msimamizi, na Mama Pacha naye alitambue koti lake. Ningemwambia, hili la alama nimelipunguza mabega, ni la Mama Pacha, mpe mkononi. Angelipeleka mwenyewe. Pale mlangoni kila begi linapekuliwa, lakini bunda la msimamizi haliguswi. Anayepekua ni mume wa msimamizi, na mwanamume gani atampekua mkewe mbele za watu?"

Sindano akafungua mdomo, akafunga, akafungua tena. "Na wakiziona?"

Msusi ndiye aliyejibu, huku akiangalia mlango. "Unamkumbuka yule mama muuza viatu aliyekuwa pale kona? Tulikuambia amehama."

"Ndiyo."

"Hakuhama."

Nje mtoto alipita akivuta kopo kwa kamba, likilia juu ya mawe, na wote watatu wakalisikiliza mpaka likapotea.

"Nakwenda mimi," shangazi akasema, akainuka.

"Ukienda umetuuza. Tangu lini fundi akamfuata mteja? Mteja ndiye anayemfuata fundi, njoo kesho, njoo keshokutwa, mpaka viatu vinaisha soli. Wakuone leo unahema kwenye mlango wa mahakama, hata kipofu atajua kuna jambo."

"Basi nenda wewe."

"Msusi na makoti?"

Wakageuka pamoja kumwangalia Sindano. Alihisi macho yao kama alivyoyahisi ya mwalimu anapotafuta wa kusimama kusoma, na kama darasani, akaangalia miguu yake.

"Fundi akimtuma mtoto kukaza vifungo, hakuna anayeshangaa," shangazi alisema taratibu, kama anayeongea na nafsi yake. Alipiga magoti mbele ya kigoda. "Sikulazimishi, mama yangu. Ukikataa tutatafuta njia nyingine."

"Kuna njia nyingine?"

"Hapana."

Alimpa mfuko wa kitambaa wenye kopo la sindano, uzi wa bluu na wembe. Alimfundisha: kila mmoja umkaze kifungo cha chini, na huo mkono mwingine upite kwenye pindo la nyuma. Kitu chenyewe ni kidogo na kigumu, kimefungwa ndani ya kitambaa.

"Nikilipata nifanyeje?"

Shangazi alikaza kamba ya mfuko. "Sijui," akasema. Sindano hakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Mahakama haikuwa mbali, lakini miguu ya Sindano siku hiyo ilikuwa ya mtu mwingine. Nje, watu walikaa ukutani na bahasha zao, wakijipepea. Gari lenye vyavu madirishani lilisimama, wakashuka wanawake wamefungwa pingu wawili wawili. Mmoja kilemba kilikuwa kimemfunguka, akawa anajaribu kukifunga kwa mkono mmoja. Kila akiuinua ule wa pili, wa mwenzake nao unainuka, ikabidi mwenzake amsaidie, wakawa kama watu wanaocheza. Sindano alimtafuta muuza viatu kati yao. Hakumwona, na hakujua kama ashukuru.

Mlangoni, askari mwenye masharubu alikuwa ameketi nyuma ya meza. "Fungua mfuko." Alitoa kopo, akalitikisa, akatoa uzi. Akatoa wembe, akauinua juu. "Na huu? Unakwenda kumnyoa hakimu?"

Watu wa foleni wakacheka. Maneno ya Sindano yakasimama kooni.

"Nimekuuliza, dada mdogo."

"Nimetumwa na fundi. Kukaza vifungo."

"Aa, wewe ndiye yule bubu wa kwa fundi. Mama watoto amenisimulia habari zako." Akauweka wembe kwenye droo. "Utauchukua ukitoka. Wafagiaji wako mwisho wa korido, fuata harufu ya dawa ya sakafu."

Kuchekewa kule kulimtisha kuliko angefokewa. Mtu anayefoka unajua amesimama upande gani.

Stoo ilikuwa na dirisha moja dogo juu, ndoo zimepangwa ukutani, na fagio za maji zimesimamishwa vichwa juu zikikauka. Wafagiaji walikuwa kwenye mapumziko, wamekalia ndoo zilizofudikizwa, vikombe vya chai mkononi, wote ndani ya bluu mpya. Msimamizi alikuwa ameinua miguu juu ya katoni.

"Haya, nani tena huyu? Fundi ametuma mtu? Jamani, mnaona? Mimi nikisema nina nyota mnanicheka."

"Amesema nikaze vifungo."

"Vifungo vina nini?"

"Uzi... uzi wa mwanzo ulikuwa mbovu."

"Angalau amekiri," akasema mfagiaji mmoja, na wengine wakaangua kicheko. "Fundi wangu mimi angesema kifungo kimedondoka kwa sababu napumua."

Sindano akaanza. Alipiga magoti mbele ya wa kwanza, akachoma sindano kwenye kifungo cha chini, na mkono wa kushoto ukapita nyuma kwenye pindo, kama anayenyoosha kitambaa. Hakuna. Wa pili, hakuna. Jasho lilimtoka kwenye kwapa, vidole vikawa vinateleza kwenye sindano, na mara moja akajichoma. Akanyonya kidole asije akaacha doa. Wao walikuwa wakiongea juu ya kichwa chake, mara mishahara, mara hakimu fulani anayepangusia viatu vyake kwenye mapazia.

"Mama Pacha, mbona chai yako inapoa?" mmoja akauliza.

Sindano aliinua macho. Mwanamke aliyeitwa alikaa pembeni, peke yake, mgongo umenyooka. Uso ulikuwa wa mtu ambaye hajalala. Kikombe alikiweka chini, na kola ya koti lake alikuwa ameigeuza nje, anaitazama. Akairudisha. Baada ya kidogo akaigeuza tena.

Sindano alimkazia kifungo na yeye. Pindo lilikuwa jepesi, tupu. Kutoka juu Mama Pacha alinong'ona, midomo haikutingishika, "Hakuna kitu." Halikuwa swali.

Akabaki msimamizi.

"Mimi vifungo vyangu vizima," msimamizi akasema, lakini alinyoosha tumbo mbele afikiwe. Sindano akachoma sindano. Mkono wa kushoto ukazunguka nyuma, upande wa kulia, na hapo ukakutana nacho. Kidogo, kigumu, kimelala ndani ya pindo. 

"Hapo hapo," msimamizi akasema. "Umegusa hapo hapo. Kuna kitu humo kinanigonga nyuma ya goti tangu asubuhi. Shangazi yako ameshonea mkasi wake ndani?"

"Kitu gani?"

Ile sauti ilitoka mlangoni. Askari alikuwa amekuja na kikombe chake kutafuta chai. Sindano aliona viatu vyake kwanza, vyeusi, vimeng'arishwa, vikija mpaka karibu na mkono wake.

"Hebu pima mwenyewe," mkewe akamwambia. "Hapa nyuma."

Askari aliweka kikombe chini, akainama, akalishika pindo kwa vidole viwili. Akalibinya. Vidole vyake na vya Sindano vilikuwa vimetenganishwa na upana wa kiberiti. Pembeni, Mama Pacha alikuwa ameacha kupumua. Sindano hakumwangalia lakini alijua.

Na hapo, maneno yale yaliyozoea kusimama mlangoni yakatoka, bila kusukumana.

"Ni uzito," Sindano akasema.

"Uzito wa nini?"

"Wa pindo. Mtu bega lake likiwa limeshuka upande mmoja, koti linapanda upande wa pili. Kwa hiyo shangazi anashonea uzito upande unaopanda, ili ulivute, likae sawa."

Shangazi alikuwa amewahi kushonea uzito kwenye mapazia ya mteja mmoja. Kwenye koti la mtu, kamwe. Sindano alisema huku akiendelea kushona kifungo kisichohitaji kushonwa, macho yameganda kwenye yale matundu.

Msimamizi alijigusa bega moja, akagusa la pili. Kisha akauliza, "Bega la nani limeshuka? Langu?"

Stoo nzima ikalipuka. Mfagiaji mmoja alimwaga chai. Mwingine akasema, "Alikuwa anatuficha," na mwingine, "Ndiyo maana anapenda kukaa kwenye kiti chenye mkono."

"Si lako," Sindano akasema. "Ulichukua la mwenzako. Hilo ni la Mama Pacha."

Wakageuka wote. Mama Pacha alikuwa amekaa wima kama fagio ukutani, mabega yake yamelingana. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote kuhusu bega. Sindano aliomba kimya kimya, hakujua hata anamwomba nani kwanza. Na polepole, kama ndoo inayoteremshwa kisimani, bega la kushoto la yule mama likashuka.

"Ni ndoo hizi," Mama Pacha akasema. "Miaka yote nabeba kwa mkono huo huo."

"Na sisi hatujawahi kuona," mwenzake mmoja akasema kwa huruma. "Pole, dada."

Msimamizi alikuwa tayari anavua. "Chukua, chukua mwenyewe kabla halijaniambukiza. Nipe langu la watu wenye mabega."

Wakabadilishana. Lakini koti lilipovuliwa, askari alikuwa bado ameshika pindo. Hakuliachia mara moja. Likamtoka vidoleni taratibu, na kile kitu kikapita katikati ya kidole gumba na cha shahada.

"Uzito wenyewe mbona mdogo hivi," akasema.

"Na bega limeshuka kidogo," Sindano akajibu.

Askari akacheka. Alichelewa kucheka, lakini akacheka. Akachukua kikombe chake. "Mwambie shangazi yako hata mimi langu linashuka, kwa kubeba bunduki. Nikitoka zamu jioni napita, anipime."

Sindano alimtazama usoni kujua kama ni utani. Aliona masharubu tu.

Alipotoka aliusahau wembe, akaitwa, akaurudia, askari akamwambia aangalie asijikate. Barabarani hakukimbia. Alivuka, akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akijifanya anafunga kiatu, kwa sababu zamu ya asubuhi ilikuwa inatoka na alitaka kumwona Mama Pacha amefika nje salama.

Akamwona. Akamwona na mumewe pia. Sindano alikuwa amejitengenezea kichwani jitu lenye macho mekundu. Kumbe alikuwa mwanamume wa kawaida, shati limepigwa pasi vizuri, mpole wa mwendo, aliyemshika mkewe kiwiko kama anayemvusha mgonjwa. Wakapita karibu naye.

"Koti jipya?" mume akauliza.

"Wametupa leo."

"Jua lote hili unavaa koti? Hebu vua, nikubebee."

"Si zito."

"Vua, mama. Usinibishie njiani."

Mama Pacha akavua. Mumewe akalikunja vizuri, mtu nadhifu, akalilaza kwenye mkono wake, pindo limeingia ndani ya kiganja. Wakaenda hivyo, yeye akilipigapiga kidogo kwa vidole, kama watu wanavyopigapiga kitu walichobeba bila kufikiri. Mama Pacha hakugeuka nyuma. Bega lake la kushoto lilikuwa bado limeshuka.

Jioni ilipofika, mlango wa fundi ulikuwa wazi kama siku zote, kwa kuwa msusi alisema mlango uliofungwa huita watu. Shangazi alikuwa na kipimo shingoni. Alikata kipande cha kitambaa ambacho hakikuwa cha mteja yeyote, akakikata tena, mpaka kikawa vipande visivyofaa hata kupangusia mashine. Sindano alikuwa amewasimulia yote, na alipofika kwenye maneno ya askari, msusi alisema, "Huyo anatania, ndivyo alivyo," na baada ya muda akasema tena, "Ndivyo alivyo huyo," bila mtu kumuuliza. Kila viatu vilivyosikika kwenye kibaraza, wote watatu walivisikiliza mpaka vipite.

"Sasa tunafanyaje?" Sindano akauliza.

"Tunamuuliza Mama Pacha kama koti limemkaa," shangazi akasema. "Fundi huuliza. Mumewe akisoma, asome. Akijibu limekaa, tunajua ziko mahali salama, na kesho akiwa kazini nesi atampigia kwa simu ya mfagiaji mwenzake. Akijibu linabana, kuna tatizo, na sisi tunafunga hapa usiku huu huu."

"Na asipojibu?"

"Hajawahi mtu kutojibu."

Shangazi alichukua simu, akaandika, akafuta. Vidole vyake, ambavyo vilitunga uzi kwenye sindano bila kuangalia, vilikuwa vinagonga herufi za jirani. Akamsogezea Sindano. Sindano akaandika: *Habari za jioni. Hapa kwa fundi. Koti limekukaa?* Alisoma mara mbili, aone kama ni neno la mtu asiye na la kuficha. Akatuma.

Ikaonekana imefika. Wakaiinamia wote watatu, vichwa vinagusana. Baada ya muda ikaonekana imesomwa.

"Kasoma," msusi akanong'ona. "Au kasoma nani?"

Nje kulikuwa kunaingia giza, na ilikuwa ni saa ambayo askari wa mahakamani huachia zamu. Simu ililala juu ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya kitambaa. Kioo kikazimika. Shangazi akakigusa, kikawaka, na ule ujumbe ulikuwa pale pale, peke yake, chini yake hakuna kitu. Kikazimika tena. Sindano akanyoosha kidole, akakigusa.